Mbona jezi mpya hufika kabla ya gemu kutengenezwa?

Je, wajua ni kwa nini gemu inaweza kukaa na hitilafu ile ile mwaka mzima, huku jezi mpya za kuuzwa ndani yake zikifika kila wiki bila kukosa? Malindi swali hili si la wataalamu. Laulizwa kwenye vibanda vya gemu vya Barani, Maweni na Kisumu Ndogo, na aghalabu huulizwa kwa ukali.

Utaratibu wa vibandani unajulikana: mshindi anabaki kitini, aliyefungwa anatoka na ndiye anayelipa mechi. Sasa ni dakika ya 88, mabao ni mawili kwa moja, na skrini inaganda. Padi hazisikii. Kelele za mashabiki zinaendelea uwanjani peke yake. Aliye mbele anasema mechi imekwisha, aliye nyuma anaapa alikuwa anakaribia kusawazisha, na mwenye kibanda anaitwa aje kuhukumu. "Ami, mwambie alipe!" Ami anawakata nusu kwa nusu, wote wawili wananuna, na mashine inazimwa na kuwashwa upya. Kitu cha kwanza kutokea, kabla hata ya menyu, ni tangazo la kadi mpya za wachezaji, za kununua kwa pesa halisi. Kijana aliyekuwa akingoja zamu yake akasema: "Kuuza yajua, kucheza ndiyo haijui."

Jibu ambalo kampuni za gemu hulitoa ni kwamba wachora jezi si wao wanaotafuta hitilafu. Ni jibu la kweli. Ila ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki hawapendi kuisema kwa sauti.

Tuanze na nusu ya kwanza. Jezi ni picha. Mchoraji anaichora, inakaguliwa, inawekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, pamoja na bei yake, na kesho yake iko dukani. Haigusi namna mpira unavyodunda wala namna kipa anavyoruka, kwa hiyo ni vigumu iharibu kitu. Tena kalenda za watu hawa hazifanani. Wachoraji humaliza kazi yao miezi kadhaa kabla gemu haijatoka, wakati waandika programu bado wanahangaika nayo. Kampuni haitawaacha wachoraji wakae bure na mshahara unaendelea, basi huwapa nyongeza za kulipia wazianze. Ndiyo maana nyongeza inayouzwa mwezi wa kwanza huenda ilianza kutengenezwa kabla wewe hujanunua gemu yenyewe. Mchezaji akiona hivyo husema amekatiwa kipande cha gemu yake akauziwa kando. Mara nyingine ni dhana tu, mara nyingine amesema kweli tupu.

Hitilafu ina mwendo mwingine kabisa, kwa sababu kazi kubwa si kuitengeneza bali kuipata. Wenye vyombo hapa pwani wanaijua kazi ya namna hii: maji huonekana ngamani, lakini ubao ulioachia unaweza kuwa mbali na hapo, na fundi hawezi kutia kalafati chombo kizima kwa kubahatisha. Mjaribu gemu akiambiwa "inaganda", hana pa kuanzia. Inaganda kwenye mashine gani, toleo gani, baada ya kubonyeza nini? Lazima aifanye igande mbele yake, tena mara kadhaa, ndipo mwandika programu aweze kuifuata hadi kwenye mstari wenye kosa. Hitilafu inayotokea mara moja katika mechi elfu yaweza kumla mtu wiki nzima bila kujitokeza. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi: gemu inayotulia kwenye simu moja ya Android inaanguka kwenye nyingine ya bei nafuu yenye memori ndogo, na aina za simu ni maelfu.

Ikishapatikana, kuna hatari ya dawa kuzaa ugonjwa. Fred Brooks, Mmarekani aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kurekebisha kosa moja kuna uwezekano wa asilimia 20 hadi 50 wa kuleta kosa jingine. Wachezaji wa Cyberpunk 2077 walilionja hilo. Gemu hiyo ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa mbovu kiasi cha aibu, hasa kwenye PS4. Januari 2021 likaja rekebisho kubwa la 1.1, nalo likaleta hitilafu yake: simu ya mhusika mmoja ikaanza kukatika bila maneno, na wachezaji wengine wakakwama pale wasiweze kuendelea na hadithi. Ikabidi litolewe rekebisho dogo la haraka kurekebisha rekebisho.

Halafu kuna foleni ya mlangoni. Sony, Microsoft na Nintendo hukagua programu kabla haijafika kwenye mashine zao, na apdeti nayo hupitia ukaguzi. Zamani ukaguzi wenyewe ulikuwa wa kulipia. Mwaka 2012 kampuni ndogo ya Kanada, Polytron, ilitoa rekebisho la gemu yake ya Fez kwenye Xbox 360, na likawa linaharibu mchezo uliosevuliwa wa baadhi ya wachezaji. Kampuni ilisema walioathirika hawafiki asilimia 1, na kwamba kupitisha rekebisho jingine kungegharimu makumi ya maelfu ya dola kwa Microsoft. Wakaliacha rekebisho bovu liendelee. Aliyepoteza sevu yake akabaki nayo hasara. Microsoft iliondoa ada hiyo mwaka 2013, lakini foleni yenyewe ingalipo. Jezi haina haja ya kuipanga kila mara, kwa kuwa duka hubadilishwa kwenye seva bila programu kuguswa.

Hadi hapo kampuni zina hoja. Sasa tuje kwenye pesa.

Aprili 2006, Bethesda ya Marekani iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion deraya ya farasi. Ilikuwa hasa pambo la farasi. Bei ilikuwa dola 2.50. Dunia ilicheka, na huku inacheka inanunua. Miaka mitatu baadaye, Machi 2009, kampuni ya EA iliongeza Ultimate Team kwenye gemu yake ya FIFA 09: unanunua pakiti, unafungua, humo umo mchezaji usiyemjua mpaka umeshalipa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team iliiingizia EA zaidi ya dola bilioni 1.6, takriban asilimia 29 ya mapato yake yote. Ukiwa na hesabu hiyo mezani, utamwajiri nani kwanza, mtu wa pakiti au mtu wa kutafuta kwa nini skrini inaganda dakika ya 88? Aliyeripoti kuganda ameshanunua gemu. Pesa yake imeshaingia.

Mfano unaonichoma kuliko yote ni wa GTA Online, gemu ya kampuni ya Rockstar inayochezwa kwa intaneti. Ilianza Oktoba 2013, ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015, na kwa miaka watu walilalamika kwamba kuingia tu huchukua dakika kadhaa. Wachezaji wakazoea kuambiana kwamba gemu ni kubwa, mashine yako dhaifu, intaneti yako mbovu. Tarehe 28 Februari 2021 mwandika programu anayejiita t0st alieleza alichokiona baada ya kuipekua gemu kwenye kompyuta yake, bila kupewa chochote na kampuni. Kwake kuingia kulichukua dakika 6. Sehemu kubwa ya muda huo gemu ilikuwa ikisoma faili moja la maandishi, megabaiti 10 hivi, lenye vitu takriban 63,000.

Namna ilivyolisoma ndiyo kichekesho. Kila ikichukua kipande kimoja, kwanza ilihesabu herufi zote zilizobaki hadi mwisho wa faili, kisha ikachukua kipande kinachofuata na kuhesabu tena. Na kabla ya kuweka kitu kwenye orodha, ilikilinganisha na kila kilichotangulia, kimoja kimoja, isije ikawa kimerudiwa. Ukipiga hesabu, huko ni kulinganisha mara karibu bilioni 2, kwa faili ambalo halikuwa na vitu vilivyorudiwa. Na faili hilo lilikuwa la nini? Kwa alivyolisoma yeye, ni orodha ya duka: vitu vya kununua ndani ya gemu. Mchezaji alikuwa akisimamishwa mlangoni wakati duka linapangwa.

t0st alitengeneza dawa yake, na muda ukashuka hadi dakika 1 na sekunde 50. Rockstar ilikubali kwamba amepatia, ikamlipa dola 10,000, na tarehe 16 Machi 2021 marekebisho yakatoka kwa wote. Yaani malalamiko ya miaka yalikwisha kwa siku 16, baada ya mtu wa nje kuonyesha pa kushika. Kwa maoni yangu hapo ndipo hoja ya "kazi ni ngumu" inapopwaya. Kazi haikuwa ngumu. Hakuna aliyetumwa kuifanya, kwa sababu watu walingoja dakika 6, wakalalamika, wakaingia, wakanunua.

Kwa hiyo kinachoharakisha marekebisho, kuliko matusi, ni pesa kurudi ilikotoka. Cyberpunk haikukaa sokoni wiki mbili kabla Sony haijaiondoa kwenye duka la PlayStation na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Machi 2021 likatoka rekebisho la 1.2 lenye marekebisho 500 hivi, na Juni gemu ikaruhusiwa kurudi dukani. Nyongeza yake kubwa ya kulipia, Phantom Liberty, haikutoka hadi Septemba 2023. Kampuni ya Konami nayo, ambayo Malindi watu wengi wamelelewa na Winning Eleven na PES zake kwenye PS2, ilitoa eFootball 2022 tarehe 30 Septemba 2021. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha watoto. Kampuni iliomba radhi, ikasogeza mbele toleo kamili hadi Aprili 2022, na pakiti ya kulipia iliyokuwa imeshaagizwa na watu ikasimamishwa, pesa zikarudishwa. Inawezekana basi jezi ikasubiri gemu itengenezwe.

Lakini sisi wa vibandani tuna tatizo letu la ziada. Kampuni huamua kipi kianze kurekebishwa kwa kuangalia ni wangapi wameathirika, na hesabu hiyo hutoka kwenye mashine zilizounganishwa na intaneti, ambazo gemu ikianguka hutuma ripoti huko makao makuu. Kibanda chenye mashine nne huenda kina akaunti moja tu. Vijana thelathini wakichezea hapo kutwa nzima, kule huonekana mteja mmoja, tena mteja asiyenunua pakiti. Na hao wana afadhali. Mashine nyingine hazigusi intaneti kabisa: kuna PS3 zilizofunguliwa ili zisome gemu za kunakili, ambazo mwenyewe anajua akiziunganisha zaweza kufungiwa, na kuna PS4 ambazo mwenye kibanda hataki zimalize bando lake kwa apdeti moja ya magigabaiti. Hizo hazitumi ripoti wala hazipokei dawa. Ndiyo maana unaweza kukuta Maweni hitilafu ambayo ilishatengenezwa zamani bado inagombanisha watu, kwa kuwa diski ni ile ile iliyonunuliwa siku ile. Wenye vibanda wanaojali hubeba mashine usiku kwa rafiki mwenye waifai, wakaiacha ilale inavuta hadi asubuhi.

Na ukiwa kwenye mashine iliyounganishwa, malalamiko yaandike kama mtu anayeripoti tukio. PS4 hurekodi yenyewe dakika 15 za mwisho za mchezo, kwa hiyo ikitokea kituko, bonyeza kitufe cha SHARE na uhifadhi video kabla hujaanza mechi nyingine, maana ukichelewa inafutika. Ikiwa mashine yenyewe imeganda kabisa video hutaipata, basi shika daftari. Andika namba ya toleo la gemu, aina ya mashine, mlikuwa mnacheza mechi ya aina gani, na kilichobonyezwa mwisho: "dakika ya 88, tulisimamisha mchezo, tukabadilisha mchezaji, tukarudi, ikaganda, imetokea mara tatu." Ujumbe huo ukifika kwa mjaribu, anaweza kuwasha mashine yake na kufanya vivyo hivyo siku hiyo hiyo. "Gemu yenu takataka" naye huisoma, kisha huenda kwenye ujumbe unaofuata.