Si baridi inayowazuia waendesha baiskeli

Wengi huamini kwamba theluji nzito ikishaanguka, baiskeli haina budi kuwekwa stoo, kwa sababu baridi haistahimiliki. Dhana hiyo si sahihi. Katika mji wa Oulu nchini Ufini, ambako halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, wakubwa kwa wadogo huendelea kwenda kazini na shuleni kwa baiskeli, kwa kuwa njia zao husafishwa mapema na theluji inayobaki hushindiliwa ikawa ngumu, yenye kushika tairi. Anayekanyaga pedali hupata joto upesi. Vidole ndivyo huteseka. Cha kuogopwa hasa ni barafu nyororo, ile iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku, ambayo huhitaji matairi yenye vijino vya chuma.