Makengeza ya mtu mzima yanatibika

Imani kwamba makengeza yasiporekebishwa utotoni hayana tiba tena imedumu kwa muda mrefu, na ina chembe ya ukweli: jicho ambalo ubongo ulizoea kulipuuza tangu utotoni kwa kawaida halirudishiwi uwezo wake wa kuona kwa kunyooshwa tu. Lakini uwezo wa kuona ni jambo moja na mwelekeo wa jicho ni jingine, na mwelekeo hurekebishika katika umri wowote.

Anayeona vitu viwili viwili kwa sababu ya mpindo mdogo huenda akatosheka na miwani yenye lenzi za prizimu, ambazo hupinda mwanga ili taswira mbili zikutane. Sindano ya sumu ya botulinamu, iliyoidhinishwa Marekani kwa makengeza mwaka 1989, hulegeza msuli wa jicho kwa miezi michache. Katika upasuaji, msuli mmoja au zaidi kati ya sita inayoliendesha kila jicho husogezwa nyuma au kufupishwa. Jicho lenyewe halitolewi mahali pake, ingawa wengi bado huogopa hivyo. Kwa watu wazima, daktari anaweza kutumia nyuzi za kushonea zinazorekebishwa mgonjwa akishaamka, na wakati mwingine upasuaji wa pili huhitajika.

Kuuita upasuaji huu urembo tu si haki, kwani wapo wanaoacha kuona viwili. Makengeza yanayozuka ghafla ukubwani, hata hivyo, yahitaji uchunguzi wa haraka, maana chanzo chaweza kuwa kisukari au kiharusi.