"Nimetuma kama nilivyopokea" si kinga: dhana potofu kuhusu sheria ya mtandao Tanzania

Wiki hii kijana mwingine amekaa mbele yangu, simu mkononi, akinionyesha maneno yaliyo juu ya ujumbe: "Nimetuma kama nilivyopokea." Anaamini yanamkinga. Wateja wangu wengi wanaamini hivyo, na huniuma, kwa sababu wengine huja kwangu wakiwa wameshayasema polisi na kuyatia saini kwenye maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi.

Hayakingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimtafuti mtunzi peke yake. Tafsiri yake ya kuchapisha inagusa kusambaza na hata kunakili. Ukiutuma kwenye kundi la ukoo, umechapisha. Kifungu cha 16, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo, kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua, jamani!

Ila kifungu hichohicho kinamtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba ulijua taarifa ni ya uongo, na kwamba ulikusudia kupotosha umma, kukashifu, kutisha au kutukana. Hapo ndipo utetezi ulipo, kwenye ulichokijua, wala haijalishi nani aliandika. Sasa yule kijana, chini ya ujumbe, alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Sidhani kama ni kweli, ila cheki." Hayo maneno machache ndiyo yananinyima usingizi kuliko ujumbe wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi: ukiitwa, mtafute wakili kabla ya kutoa maelezo. Na usifute kitu. Nakala ziko kwenye simu za wenzako, na wewe utaonekana unaficha ushahidi.

Eti kundi la WhatsApp ni faragha? Skrinishoti moja tu, limetoka.

Eti ibara ya 18 ya Katiba, ya uhuru wa maoni, inakuruhusu kusema lolote? Endelea kusoma hadi ibara ya 30, mipaka iko humo.

Wapo pia waliokata tamaa, wanaosema sheria ikishatungwa haipingiki. Ibara ya 30 hiyohiyo inakupa haki ya kwenda Mahakama Kuu. Na tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kesi hiyo ilifunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na watetezi wa haki za binadamu.