Varoa anakula ini la nyuki, si damu peke yake

Mzee mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora, aliniita manzukini kwake, pale anapofugia nyuki, akiwa amemshika nyuki kiganjani. Nyuki alikuwa hai, ila mabawa yake yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyolowa ikakaushwa juani. "Mwanangu, huyu kazaliwa hivi au kaumizwa?" Nikamlaza chali. Katikati ya magamba ya tumbo, upande wa kushoto, palikuwa na kidude bapa cha rangi ya kahawia iliyoiva, chenye umbo la kaa, na upana usiofika milimita mbili. Nusu yake ilikuwa imejichomeka chini ya gamba. Nilipokisukuma kwa ncha ya kisu ndipo miguu ikatoka. Huyo ndiye varoa, utitiri wa nyuki.

Kwa miaka mingi tulifundishwa, na mimi nikafundisha wengine, kwamba varoa ni kama kupe: anafyonza damu. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake, nchini Marekani, walitulazimisha kurekebisha somo hilo. Waliwalisha nyuki rangi mbili zinazong'aa, moja ikaingia kwenye damu, nyingine kwenye mafuta yaliyotanda ndani ya kuta za tumbo. Kisha wakawaachia varoa wawale nyuki hao. Walipowaangalia varoa kwa darubini, kilichong'aa tumboni mwao zaidi ni rangi ya mafuta. Utafiti wa mwaka 2024 uliongeza jambo la maana: nyuki akiwa bado mchanga, amefungiwa kwenye kitundu cha sega, varoa hunywa damu yake; akishakuwa mkubwa, ndipo huhamia kwenye mafuta.

Msilione neno mafuta mkadhani ni kitambi. Mafuta haya ndiyo ini la nyuki, na ni ghala lake pia. Humo ndimo anamoweka akiba ya chakula cha wakati wa njaa, ndimo zinamotoka protini za kinga, na ndimo sumu iliyoingia mwilini inamovunjwa. Varoa hutoboa, humwaga mate yanayoyeyusha tishu, kisha hunywa uji huo. Kidonda kinachobaki ni mlango wa virusi, vikiwemo vile vya mabawa yaliyojikunja niliyoonyeshwa na mzee.

Uzazi wake unafanyika gizani. Jike hujipenyeza kwenye kitundu cha jana, yaani nyuki mchanga, muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba kwa nta, hutaga yai la dume kwanza, kisha ya majike, mojamoja kila baada ya saa 30 hivi. Dume hupanda dada zake humohumo. Nyuki kijana anapotoka, hutoka na wageni. Varoa hupenda zaidi majana ya madume, kwa kuwa hukaa muda mrefu zaidi yakiwa yamezibwa.

Sasa turudi kwetu. Varoa alitambuliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka uliofuata ulimkuta karibu kila mahali, lakini makundi yaliyokuwa naye hayakuwa madogo kuliko yasiyokuwa naye. Afrika Kusini aliingia 1997, akaua makundi, kisha baada ya miaka michache nyuki wa huko wakaweza kuishi naye bila dawa. Nyuki wetu wana hulka zinazowasaidia: husafisha vitundu vyenye ugonjwa, huwang'ata varoa, na kundi likihama huyaacha majana pamoja na varoa waliomo.

Ndiyo maana naumia ninaposikia mfugaji ameshauriwa dukani kupaka dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya mzinga. Fikiria: mdudu amekula ini, nasi tunamwongezea nyuki sumu ambayo ini hilo ndilo lingeivunja! Dawa nyingi za aina hii hunata kwenye nta, na Ulaya na Marekani kuna varoa waliokwisha kuzizoea. Huku Tabora, nyuki anarudi pia kutoka kwenye mashamba ya tumbaku yaliyopuliziwa. Ukiwa na jirani anayepulizia, mwombe afanye jioni nyuki wakishalala. Na unaporina asali, achia masega ya asali ya kutosha kiangazi. Nyuki ambaye akiba ya mwilini imeliwa, halafu na ya mzingani imebebwa, atahama tu.

Kabla ya kuogopa, pima. Chota nusu kikombe cha nyuki kutoka kwenye masega ya majana, kama 300 hivi, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga laini, uwaviringishe taratibu kwa dakika moja, waache watulie dakika mbili, kisha kung'uta unga kwenye sahani nyeupe yenye maji. Sukari itayeyuka, varoa watabaki wakielea. Nyuki unawarudisha mzingani, wenzao watawalamba.

Kwa yule mzee tulihesabu varoa watano, hata wawili kwa kila nyuki 100 hawafiki. Aliwahesabu tena mwenyewe kwa kijiti, akachora alama tano za mkaa ubavuni mwa mzinga, akafunga kifuniko. Tumekubaliana kupima tena miombo ikianza kuchanua.