Je, wajua kwa nini watunzi wa muziki wa kisasa wanaipenda rekoda?

Wengi wetu rekoda tumeijulia darasani: kibomba cha plastiki chenye matundu 7 mbele na tundu 1 nyuma kwa ajili ya kidole gumba, na watoto thelathini wakipuliza wimbo mmoja kila mtu na sauti yake. Aliyepita darasa hilo, mwambie kwamba kuna watunzi wakubwa walioandikia chombo hicho kazi ngumu za kupigwa na mtu mmoja jukwaani, atadhani unamtania. Hata hivyo Luciano Berio wa Italia aliiandikia mwaka 1966, Louis Andriessen wa Uholanzi alikuwa amemtangulia miaka miwili, na Wajapani kadhaa wakafuata. Walivutwa na mambo yaleyale yaliyoifanya rekoda ishindwe katika karne ya 18. Ili kuelewa ilikuwaje, tuanze na umbo lake.

Mdomoni mwa rekoda kuna kizibo, kwenye rekoda za mbao mara nyingi cha mwerezi, kinachoacha mfereji mwembamba wa hewa. Pumzi inapita humo, inatoka kwenye kidirisha na kugonga ukingo uliochongwa ukawa mkali. Inapoyumbayumba juu na chini ya ukingo huo, hewa iliyomo ndani ya bomba nayo inatikisika, na hapo sauti inazaliwa. Firimbi ya refa inafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Anayepiga filimbi ya ubavuni hutengeneza mkondo wa pumzi kwa midomo yake mwenyewe: anaubana, anaupanua, anaubadilisha pembe. Wa rekoda hana uhuru huo, kwa sababu fundi aliyeichonga amekwisha kuamua pumzi ipite wapi na kwa upana gani. Kilichobaki mikononi mwake ni nguvu ya pumzi, ulimi na vidole.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na hapo. Ukiipuliza rekoda kwa nguvu, sauti haiishii kuwa kubwa, inapanda pia na kupita noti yake. Ukipunguza pumzi, inashuka. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuanza kwa mnong'ono na kuishia kwa kishindo bila kutoka nje ya sauti, isipokuwa abadilishe vidole kila hatua ili kusawazisha. Bach hakujali hilo alipoiweka kwenye Konserto za Brandenburg ya 2 na ya 4 (konserto ni kazi ya chombo kimoja au vichache vikiongoza mbele ya okestra), wala Telemann na Vivaldi, watunzi wa enzi yake, hawakujali. Lakini kuelekea katikati ya karne ya 18 okestra zilikua, na mtindo mpya ukadai sauti inayovimba na kufifia. Filimbi ya ubavuni iliweza. Rekoda ikawekwa kando na kusahaulika kwa zaidi ya miaka 100.

Ilirudi kupitia wapenzi wa vyombo vya kale. Mmoja wao ni Arnold Dolmetsch, fundi na mwanamuziki aliyekuwa akiishi Haslemere, Uingereza. Mwaka 1919 mkoba uliokuwa na rekoda yake ya kale, kazi ya fundi Bressan, ulisahaulika katika kituo cha treni cha Waterloo, London. Mkoba huo alikuwa amekabidhiwa mwanawe Carl, mtoto wa miaka 7. Badala ya kuomboleza, Dolmetsch alichonga nyingine, na karakana yake ikaanza kuziuza. Carl mwenyewe akaja kuwa mpigaji mashuhuri. Mwaka 1939 alipiga kwenye ukumbi wa Wigmore sonatina mpya ya Lennox Berkeley, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliendelea kuwaomba watunzi wamwandikie. Katika miaka hiyo ya 1930 rekoda ilianza kuingia shuleni, na plastiki ilipokuja ikawa na bei rahisi kuliko karibu chombo kingine chochote.

Kazi za kipindi hicho zina utamu wake. Mtunzi Mjerumani Hindemith aliandika trio ya rekoda, yaani kazi ya wapigaji watatu, mwaka 1932. Britten wa Uingereza, katika opera yake ya mwaka 1958 kuhusu safina ya Nuhu, alimpa njiwa sauti ya rekoda inayopigwa kwa ulimi unaotetemeka kana kwamba unatamka "rrrr". Lakini tuseme ukweli: nyingi zingeweza kupigwa kwa filimbi nyingine na msikilizaji asione tofauti kubwa. Chombo kilikuwa kimefufuka, ila kilikuwa bado kinazungumza lugha ya wengine.

Mabadiliko ya kweli yalikuja miaka ya 1960, hasa Uholanzi na Ujerumani. Kijana wa Kijerumani Michael Vetter aliamua kuipekua rekoda sauti kwa sauti, akijaribu kila mpangilio wa vidole hata ule ambao kitabu cha mwanafunzi kinaukataza. Na rekoda ya kawaida, ukiacha zile kubwa, haina vitufe: ngozi ya kidole inagusa tundu moja kwa moja. Ukilifunika tundu nusu, au ukakitelezesha kidole polepole, unapata sauti zilizo katikati ya noti mbili, hatua za robo toni (nusu ya hatua ndogo kabisa ya piano) na ndogo kuliko hizo, au sauti inayoteremka kama maji. Kwenye filimbi ya chuma yenye vitufe lazima upambane ili upate mambo hayo.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Ukifunika matundu kwa mpangilio usio wa kawaida na kupuliza kwa nguvu fulani, hewa ndani ya bomba inashindwa kuchagua noti moja, na zinatoka mbili au tatu kwa pamoja, zikikwaruzana. Mwalimu wa shule angeita hilo kosa. Mtunzi anaita akodi. Ongeza sauti ya mpigaji mwenyewe akiimba huku anapuliza, na kile kibomba kinatoa vitu ambavyo hungetegemea kabisa. Na ile kasoro ya zamani, kwamba pumzi inapandisha na kushusha noti? Sasa inaandikwa makusudi kwenye karatasi ya muziki.

Mtu aliyelifikisha jambo hili kwenye kumbi kubwa ni Mholanzi Frans Brüggen (1934–2014). Wapenzi wa muziki wa kale wanamkumbuka kwa Telemann, na baadaye kwa okestra ya karne ya 18 aliyoiasisi mwaka 1981. Lakini ndiye aliyeandikiwa *Sweet* ya Andriessen (1964) na *Gesti* ya Berio (1966). Nadhani *Gesti* ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwa nini ilibidi iwe rekoda. Berio aligundua kwamba kwenye chombo hiki mdomo na vidole vinafanya kazi mbili zisizotegemeana, akaamua kuvitenganisha. Mwanzoni vidole vinarudia vipande vya Telemann kimyakimya huku mdomo ukifuata maagizo yake tofauti kabisa: puliza, acha, tetemesha ulimi, imba. Mara nyingi sauti haitoki. Mara nyingine inachomoka pale mdomo na vidole vilipokutana kwa bahati, na hata mpigaji hajui itakuwa ipi. Taratibu viwili hivyo vinakaribiana. Ukiitazama jukwaani unaona jasho lote hilo la kutafuta noti. Ukiisikiliza kwa kanda tu, unakosa nusu ya kazi.

Japani nayo ilikuwa na sababu zake. Shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya huko, imejengwa juu ya sauti ya pumzi, noti zinazopindishwa kwa vidole na ukimya mrefu kati ya sauti. Kwa watunzi waliokulia karibu na sauti hizo, rekoda haikuwa chombo cha watoto hata kidogo. Makoto Shinohara aliandika *Fragmente* (1968) kwa rekoda ya tenor, vipande ambavyo mpigaji mwenyewe anachagua mpangilio wake. Ryohei Hirose alitoa *Meditation* mwaka 1975, na mwaka huohuo Maki Ishii akatoa *Black Intention*, ambamo mtu mmoja anapuliza rekoda mbili kwa wakati mmoja, anapiga kelele kwa koo lake na kugonga tamtam, sahani kubwa ya shaba inayovuma. Si muziki wa kulalia, nawaonya.

Kuita mbinu hizi mpya kuna walakini kidogo. Mwaka 1535, mjini Venice, Silvestro Ganassi alichapisha kitabu cha kufundisha rekoda, na tayari alikuwa akisisitiza aina mbalimbali za kutamka kwa ulimi na kubadili vidole ili chombo kiige sauti ya binadamu. Wakali wa miaka ya 1960 wengi walikuwa pia wasomaji wa vitabu vya kale, na mlango waliouona uko wazi ulikuwa umefunguliwa zamani.

Baadaye chombo chenyewe kilibadilika. Familia ya rekoda huanzia kijirekoda kisichofika sentimita 20 hadi besi kubwa zinazomzidi mtu kimo. Miaka ya 1970 jina la Paetzold, familia ya mafundi wa Ujerumani, likaambatana na rekoda kubwa za plaiwudi, zenye bomba la pembe nne lililokunjwa na vitufe vipana. Kwa mbali utadhani ni samani. Mlio wake si mkubwa, lakini maikrofoni ikiwekwa karibu, kila pumzi na kila kitufe kinachogonga mbao vinageuka tukio. Fausto Romitelli alilitumia hilo katika *Seascape* (1994), ambamo pumzi iliyokuzwa na vipaza sauti inajaa ukumbi mzima.

Mafundi wengine walienda kinyume, wakatengeneza rekoda zenye sauti kubwa na vitufe vya ziada, kama ile iitwayo Eagle, ili zisimame mbele ya okestra bila kumezwa. Zinafaa kwa konserto, aina ya kazi ambazo Michala Petri wa Denmark ameandikiwa kwa wingi, mojawapo ya Malcolm Arnold ya mwaka 1988. Wapo wanaolalamika kwamba zinaipunguzia rekoda utukutu wake. Nami naegemea kwao, ingawa hakuna anayelazimika kuchagua upande mmoja.

Tatizo ambalo bado linawasumbua watunzi ni la uandishi. Akodi zile za vidole visivyo vya kawaida hutegemea upana wa bomba, umri wa mbao na mkono wa fundi. Mpangilio wa vidole unaotoa noti tatu kwenye rekoda ya fundi mmoja unaweza kutoa mbili, au mluzi mtupu, kwenye ya fundi mwingine. Ndiyo maana mtunzi makini hukaa kwanza na mpigaji, rekoda ikiwa mkononi, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, na mpigaji anayeipokea kazi hiyo miaka ishirini baadaye huanza kwa kuuliza iliandikwa kwa rekoda ya nani.