Taa ya banda la kuku: kwa nini ratiba isikae kwenye simu

Kuku wa mayai huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri, ilhali katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta jua hutupa saa 12 na dakika chache tu. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki saa moja. Mwanga hupenya fuvu la kuku na kufika kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru homoni za uzazi, ndiyo maana mfugaji anayeongeza mwanga wa taa huona matokeo kwenye trei zake. Kwa sababu hiyohiyo, taa inayowaka leo na kukosekana kesho humtia hasara, kwa kuwa kuku aliyezoea siku ndefu akikutana ghafla na siku fupi hupunguza kutaga na anaweza kuanza kupukutisha manyoya.

Ninatengeneza na kufunga vidhibiti vya taa za namna hii, na mara nyingi ombi la mfugaji ni lilelile: apange saa kwenye simu, kisha taa iwake na kuzimika yenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na bei yake si kubwa: mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ESP32 au ndugu yake wa zamani ESP8266, rilei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme), chaja ya volti 5 na kisanduku cha plastiki kisichopitisha vumbi. Ugumu hauko kwenye vifaa. Uko kwenye kuamua ni nani hasa anayeishika ratiba na ni nani anayeijua saa.

Njia inayomjia haraka mtu anayeanza ni kuiacha simu iwe ndiyo taima: inapofika saa 8:30 usiku, simu inatuma amri ya kuwasha, na ikifika saa 12:30 asubuhi inatuma amri ya kuzima. Njia hii hufanya kazi mezani na kushindwa bandani. Simu huisha chaji, kifurushi huisha usiku wa manane, na mifumo ya simu za siku hizi huzilaza programu ambazo hazijafunguliwa ili kuokoa betri. Kuihamishia ratiba kwenye seva ya mbali kunaondoa udhaifu wa simu, lakini kunaliacha banda likitegemea intaneti kwa jambo ambalo halihitaji intaneti hata kidogo. Msimamo wangu ni kwamba ratiba ihifadhiwe ndani ya mikrokontrola yenyewe, kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, na simu ibaki kuwa chombo cha kuiandika ratiba hiyo na kuikagua. Ratiba ikishaandikwa, simu inaweza kuibiwa au kuzimwa mwezi mzima na kuku wasijue.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote. Programu nyingi za mfano zinazosambaa mtandaoni huandikwa kwa kungoja tukio: saa ikiwa sawasawa na 02:30, washa, ikiwa sawasawa na 06:30, zima. Tuseme umeme umekatika saa 8:20 usiku na kurudi saa 8:45. Kifaa kinaamka, dakika ya kuwasha imeshapita, na taa haitawaka hadi usiku unaofuata. Tatizo la upande wa pili ni baya vilevile, kwa sababu umeme ukirudi baada ya dakika ya kuzima, kifaa kinachokumbuka kwamba taa ilikuwa inawaka kitaiwasha tena na kuiacha hivyo mchana kutwa. Kifaa kisingoje tukio. Kila sekunde chache kijiulize: kwa dakika hii, taa inapaswa kuwa katika hali gani? Ninaigeuza saa kuwa hesabu ya dakika tangu usiku wa manane, hivyo 02:30 inakuwa 150 na 06:30 inakuwa 390, kisha sharti linakuwa moja tu: ikiwa dakika ya sasa imefika 150 na haijafika 390, rilei ishike; vinginevyo iachie. Haijalishi kifaa kimeamka saa ngapi wala umeme umekatika mara ngapi, jibu ni lilelile.

Kwa taa ya ulinzi uani, inayowaka 18:45 na kuzimika 06:15, sharti hilo lazima ligeuzwe, kwa kuwa mwanzo ni namba kubwa kuliko mwisho. Hapo taa inawaka ikiwa dakika ya sasa imefika mwanzo au haijafika mwisho, na programu inatambua yenyewe ni kanuni ipi itumike kwa kulinganisha namba hizo mbili.

Sasa tuitazame saa yenyewe. Mikrokontrola ya kawaida haina betri ya kutunza saa, kwa hiyo kila inapowashwa haijui ni saa ngapi. Ikiwa na intaneti huuliza seva za NTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kupatanisha saa mtandaoni iliyobuniwa na David Mills miaka ya 1980, na hupata saa ya dunia kwa usahihi unaozidi mahitaji ya banda lolote. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda eneo la saa huandikwa `EAT-3`, na kwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo `CAT-2`. Alama ya kutoa isimshangaze msomaji: kanuni ya maandishi hayo huhesabu ni saa ngapi za kuongeza kwenye saa ya mahali ili kuifikia saa ya Greenwich, kwa hiyo sisi tulio mbele ya Greenwich huandikwa kwa kutoa.

Kabla NTP haijajibu, kuna mtego unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Saa ya kifaa ambayo haijapangwa huanza kuhesabu kutoka sifuri, na sifuri hiyo ni usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich. Ukiongeza saa 3 zetu, kifaa huamini kwamba ni 03:00, yaani saa 9 usiku, muda ulio ndani ya ratiba ya kuku. Umeme ukirudi saa 2 usiku wakati ruta bado inaamka, taa itawaka, na ikiwa intaneti haipo itaendelea kuwaka kwa zaidi ya saa 3 huku kuku wakiwa wamekwisha kulala. Kwa hiyo programu iukague mwaka kwanza: ukiwa 1970, saa haijulikani na ratiba isitumike.

Lakini kukataa kutumia ratiba hakumpi kuku mwanga wake. Kwa banda la kibiashara naongeza kila mara saa ya DS3231, kisahani kidogo chenye betri ya duara ya CR2032 kinachoendelea kuhesabu hata umeme ukikosekana. Kosa lake halizidi sehemu 2 katika milioni kwenye joto la nyuzi 0 hadi 40, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima, na kila intaneti inapopatikana naisahihisha kwa NTP. Ninaihifadhi ndani yake saa ya Greenwich, na hesabu ya eneo inafanywa na programu. Saa nyingine ya aina hiyo, DS1307, ni ya bei nafuu zaidi, ila hutegemea kristali (kipande kinachotoa mapigo ya saa) isiyorekebishwa kwa joto, na banda la mabati hupata joto kali mchana, mimi siitumii.

Kati ya simu na kifaa natumia MQTT, itifaki iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, kwa hiyo mtandao dhaifu haikuanza kukutana nao kwetu. Seva yake inaweza kutunza ujumbe wa mwisho wa kila mada, hivyo ratiba iliyotumwa wakati banda halina mtandao humfikia mlengwa pindi anaporudi hewani. Kifaa kikiipokea hukiandika kwenye kumbukumbu yake kile kilichobadilika tu, kisha hurudisha taarifa ya hali halisi ya rilei. Naomba sana watengenezaji wenzangu wa programu za simu wazingatie hili: kitufe kwenye kioo kionyeshe kile kifaa kilichosema, si kile kidole kilichobonyeza. Mfugaji akiona rangi ya kijani awe na hakika kwamba banda limepokea.

Ratiba iwe ya saa ya banda, si ya simu. Mwenye banda Kibaha akiwa safarini Muscat, ambako saa iko mbele kwa moja, akipanga 02:30 na programu ikaigeuza kwa saa ya simu, taa itawaka 01:30 ya Kibaha. Vilevile wafugaji wengi husema saa 8 na nusu usiku na huandika 8:30, kwa hiyo kwenye kioo naweka saa kwa namna yetu pamoja na neno usiku, asubuhi, mchana au jioni, na kugeuza kuwa dakika naiachia programu.

Nimechagua alfajiri kwa makusudi. Mwanga ukiongezwa jioni, taa huzimika ghafla na kuku waliobaki chini hushindwa kuziona fito za kulalia. Ukiongezwa kabla ya mapambazuko, giza la jioni huwajia polepole kama kawaida.

Kuhusu nyaya nitasema machache. Waya wa moto wa volti 230 ndio upite kwenye rilei, si waya wa nyutro, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme. Rilei nyingi zinazopatikana madukani hushika pini ya mikrokontrola inayoziamuru inaposhuka hadi volti 0, kwa hiyo kwenye programu pini iandikwe hali ya juu (HIGH) kabla ya kutangazwa kuwa ya kutoa amri (OUTPUT), la sivyo taa itamulika kila kifaa kinapoamka. Ukutani ibaki swichi ya mkono sambamba na rilei, ili mhudumu wa banda asihitaji simu kuingia usiku.

Kwa mitetea wanaokaribia kutaga, ratiba isiruke kutoka saa 12 hadi 16 kwa siku moja. Naiandika kama tarehe ya kuanzia na nyongeza ya nusu saa kila wiki, na kifaa hukokotoa dakika ya kuwasha chenyewe: wiki ya kwanza 06:00, ya pili 05:30, hadi wiki ya nane kinapofika 02:30 na kubaki hapo. Nyongeza hiyo hairudi nyuma hata mtu akigusa tarehe kwenye simu kwa bahati mbaya, kwa sababu kifaa hukataa ratiba yoyote inayopunguza mwanga mpaka mwenye banda aithibitishe mara ya pili.