Faiba mpaka kabatini, faiba mpaka nyumbani: tofauti iko wapi?

Mtu akikwambia amefungiwa faiba, muulize inaishia wapi. Neno ni hilohilo, lakini waya unaoingia ukutani kwake unaweza kuwa wa kioo au wa shaba.

Safari huanzia kituo cha simu, jengo lenye mitambo inayounganisha mtaa na intaneti. Humo hutoka nyaya za faiba: nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.125 ukiuvua ganda. Hupita ardhini au juu ya nguzo hadi kwenye kabati la mtaani, lile sanduku la chuma ambalo watu hulipita bila kulitazama.

Kwenye faiba mpaka kabatini, kioo huishia hapo. Ndani mna mtambo wa umeme (ukisogea utasikia feni zikivuma) unaogeuza mwanga kuwa mawimbi ya umeme na kuyapitisha kwenye waya uleule wa shaba wa simu ya mezani. Shaba huchoshwa na umbali. Aliye mita 100 kutoka kabatini anaweza kupata megabiti 80 kwa sekunde. Aliye kilomita moja na nusu huambulia sehemu ndogo tu, na kifurushi wanacholipia ni kimoja.

Kwenye faiba mpaka nyumbani, njiani hakuna mtambo wa kuwashwa. Kuna kigawanyio tu, kifaa kidogo kinachogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyumba 32, pengine 64. Data za wote hufika kwa wote, zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na kisanduku cha kila nyumba huchukua zake. Kupandisha data ni kwa zamu, la sivyo miale ingegongana. Katika GPON, mfumo mmojawapo wa kugawana uzi hivi, majirani hao hugawana gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Kituo kikiwa kilomita 10 mbali, kasi ni ileile.

Kujua uko upande gani, fuata waya wa ruta. Ukiishia kwenye tundu la simu, ni shaba. Ukiishia kwenye kisanduku kinachoingiza waya mwembamba wa kioo, ni faiba kweli. Huo usiukunje, maana mwanga huvuja kwenye kona kali, wala usichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru macho.